Januari ya sare na madaftari: Na mwalimu naye ameandaliwa?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KILA ifikapo wiki ya kwanza ya Januari, sura ya masoko ya Jiji la Arusha hubadilika. Katika Soko Kuu na soko la Kilombero, meza zilizokuwa zimejaa bidhaa za sikukuu hupisha madaftari, soksi, sweta na mabegi. Mafundi cherehani hukesha wakishona sketi na kaptula. Huko Tengeru, siku ya gulio la Jumamosi, akina mama walioshuka na mikungu ya ndizi kutoka vijiji vya miteremko ya Mlima Meru hurejea makwao na jozi ya viatu vyeusi ndani ya kapu.

Hesabu za mzazi katika siku hizo ni nzito. Mwenye mtoto anayeingia darasa la kwanza huanza na sare. Aliyechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza huja na fomu ndefu inayotaja shuka, ndoo, jembe, ufagio na rimu ya karatasi. Mwenye watoto watatu au wanne hulazimika kuamua nani apate begi jipya na nani arithi la kaka yake.

Hata hivyo, yapo maandalizi ambayo hayauzwi sokoni na ambayo wazazi wengi hawayaulizii. Nayo ni maandalizi ya mwalimu. Mtoto aliyevaa sare mpya atakaa mbele ya walimu wake kwa siku zipatazo 194 za masomo katika mwaka. Kama mwalimu huyo ameachwa peke yake na mtaala ambao hakuusomea chuoni, au hajui namna ya kumsaidia mtoto anayebaki nyuma, sare na madaftari pekee havitamfanya mtoto huyo ajue kusoma.

Makala haya yanaeleza namna walimu wa Tanzania wanavyoendelezwa wakiwa kazini, utaratibu huo ulikotoka, vikwazo vinavyoukabili katika shule za jiji na za vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, na kwa nini mzazi wa Arusha ana sababu ya kuufuatilia kuliko wakati mwingine wowote.

Wajibu wa mzazi na wajibu wa Serikali

Tangu Januari 2016, Serikali inatoa elimumsingi bila ada, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 utaratibu huo ulifikishwa hadi kidato cha tano na cha sita. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ndio uliofafanua mgawanyo wa majukumu. Serikali ilichukua ada na gharama za uendeshaji, na mzazi akabaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mtoto, nauli na chakula cha mwanafunzi wa kutwa.

Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa wakati huo ilikuwa Sh 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, ambapo Sh 6,000 zilipelekwa moja kwa moja shuleni na Sh 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu. Kwa mwanafunzi wa sekondari ilikuwa Sh 25,000.

Takwimu hizo zinasaidia kuelewa kwa nini suala la kumwendeleza mwalimu halikuwahi kuwa rahisi. Shule ya msingi yenye wanafunzi 800 ilipata, kwa kiwango cha Sh 6,000, jumla ya Sh milioni 4.8 kwa mwaka. Kutoka katika fedha hizo zilitakiwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na mambo ya utawala. Mkuu wa shule aliyetaka kuwapeleka walimu wake mafunzoni, akawalipia nauli na malazi, alijikuta hana pa kuzitoa.

Darasa linalofurika

Arusha ina sababu yake ya ziada. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi, wakazi wa Jiji la Arusha waliongezeka kutoka 416,442 mwaka 2012 hadi 617,631 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 200,000 katika miaka kumi. Mkoa mzima, wenye halmashauri saba, ulikuwa na watu 2,356,255 mwaka huo wa 2022.

Familia nyingi mpya zimejenga pembezoni mwa jiji, katika kata kama Muriet, Terrat, Olasiti na Moshono, na wengine wamevuka mpaka wa jiji na kuingia katika halmashauri za Arusha na Meru, ambazo kabla ya mwaka 2007 zilikuwa Wilaya moja ya Arumeru. Nyumba hujengwa haraka kuliko madarasa, na mtoto wa mpangaji mpya huandikishwa Januari ileile aliyohamia.

Kiwango kinachotambuliwa nchini ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali. Pale darasa linapofikia watoto 90, hesabu inabadilika. Mwalimu akitumia dakika moja tu kusahihisha daftari la kila mtoto, atahitaji saa moja na nusu kwa somo moja. Akiwa na masomo matatu kwa siku, atahitaji saa nne na nusu za kusahihisha pekee, kabla ya kuandaa azimio la kazi, andalio la somo na zana za kesho yake.

Ndiyo maana mafunzo kazini hayawezi kuchukuliwa kuwa anasa ya mwalimu mwenye nafasi. Kufundisha watoto 90 ni kazi tofauti na kufundisha watoto 45. Inahitaji mbinu za kuwapanga katika vikundi, kuwatumia wanafunzi wanaoelewa haraka kuwasaidia wenzao, na kupima uelewa bila kusubiri daftari la kila mmoja. Mbinu hizo hufundishika, lakini hazifundishiki kwa hotuba ya siku moja.

Mtaala umebadilika

Sababu ya pili ni mtaala. Baada ya mapitio yaliyozaa Toleo la Mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, ikianzia na elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na baadhi ya shule kwa kidato cha kwanza.

Mabadiliko hayo si ya majalada ya vitabu pekee. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Elimu ya lazima inapanda hadi miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Sekondari imegawanywa katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Katika shule za msingi yameingia masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, na Sanaa na Michezo.

Hapa ndipo mzazi anapopaswa kuketi na kalamu. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, waliokuwa wa kwanza kwa mtaala huo katika ngazi yao, wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huohuo wa 2024 waliendelea na utaratibu wa zamani, nao watamaliza darasa la saba mwaka huohuo wa 2027. Kwa ratiba hiyo, makundi mawili yatabisha hodi katika kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028.

Madarasa, madawati na matundu ya vyoo kwa ajili ya wingi huo yanaweza kuhesabiwa na kujengwa, na mkandarasi akikaza mwendo kazi humalizika kwa miezi michache. Mwalimu hapatikani kwa kasi hiyo. Mwalimu wa sekondari atakayepokea mtoto aliyesoma miaka sita na mwingine aliyesoma miaka saba, kwa mitaala miwili tofauti, atatakiwa kujua kila mmoja ameishia wapi. Maarifa hayo hayakuwamo katika cheti alichopata chuoni miaka kumi au ishirini iliyopita.

Nchi iliyowahi kuona haya

Kwa wanaoikumbuka historia ya elimu nchini, wimbi la aina hii si geni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza watoto wote wa rika la shule waandikishwe ifikapo mwaka 1977. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha, hivyo makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu wakiwa vijijini, kwa masomo ya redio, ya posta na ya vikundi, huku wakifundisha. Watoto walipata nafasi, lakini kwa miaka mingi baadaye mjadala wa ubora wa elimu uliwarudia walimu hao, ambao wengi wao walijitolea kwa uwezo wote waliokuwa nao.

Serikali ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2001 na kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka chini ya milioni tano mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni nane mwaka 2007. Mafunzo ya mwalimu wa daraja la A yalipangwa upya, mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni.

Ukafuata mpango wa sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, na pamoja nao shule za kata. Wanafunzi wa sekondari waliokuwa wapatao 430,000 mwaka 2004 walizidi milioni 1.4 mwaka 2009. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Mitaani wakaitwa "vodafasta", jina lililobeba kejeli, ingawa kosa halikuwa lao.

Matokeo yake yalionekana. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010, uliopima watoto majumbani mwao, ulionyesha kuwa karibu watoto saba kati ya kumi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi rahisi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ni baada ya mshtuko huo ndipo nchi ilipoelekeza nguvu katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, KKK, ikaandaa mtaala maalumu wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 na kuwafundisha upya walimu wa madarasa hayo.

Fundisho la vipindi vyote vitatu ni moja. Milango ya shule ilifunguliwa kwanza, mwalimu akaandaliwa baadaye, na waliolipa gharama ni watoto waliokaa darasani katika miaka iliyo katikati.

Kutoka semina hadi jumuiya ya ujifunzaji

Kwa muda mrefu, mafunzo kazini yalimaanisha semina. Barua ilifika shuleni, mwalimu mmoja au wawili wakateuliwa, wakaenda mjini kwa siku tatu au tano, wakarudi na kabrasha. Walitarajiwa kuwafundisha wenzao. Mara nyingi kabrasha liliishia kabatini, kwa kuwa aliyerudi hakupangiwa muda wa kulieleza, na aliyebaki hakuona sababu ya kulisoma.

Vilikuwapo pia Vituo vya Walimu, vilivyojengwa katika tarafa na kata ili walimu wa shule jirani wakutane, watengeneze zana na kuazima vitabu. Wazo lilikuwa zuri. Lakini kituo kisichokuwa na fungu la uhakika hugeuka haraka kuwa ghala au ofisi.

Kuanzia mwaka 2020, Serikali iliweka mwongozo wa kitaifa wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo walimu huyafupisha kwa jina la MEWAKA. Msingi wake ni kwamba shule yenyewe ndiyo chuo. Walimu wa shule moja huunda jumuiya ya ujifunzaji, huchagua mwezeshaji miongoni mwao, hupanga siku na saa ya kukutana, na huanza na tatizo lililojitokeza darasani mwao. Shule za jirani hukutana katika kituo cha walimu. Afisa Elimu Kata hufuatilia, na Wathibiti Ubora wa Shule, waliokuwa wakiitwa wakaguzi, hutoa ushauri wa kitaalamu. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa moduli, nyingine zikipatikana kwa njia ya mtandao, na vishikwambi, vikiwamo vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, viligawiwa kwa walimu ili viwasaidie kuzifikia.

Kwa shule za awali na msingi, utaratibu huo umeingizwa katika mradi wa BOOST, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 500 mwaka 2022. Sekondari ina mradi wake, SEQUIP, wenye kiasi kama hicho.

Kikao kinavyokwenda

Msomaji asiye mwalimu anaweza kujiuliza, watu hao hukutana kujadili nini hasa. Tuchukue mfano mmoja wa hesabu za kutoa.

Mwalimu wa darasa la tatu anatoa zoezi la 52 kutoa 27. Jibu ni 25. Anaposahihisha anaona watoto wengi wameandika 35. Mwalimu aliyechoka huweka alama ya mkosi na kuendelea. Mwalimu anayetafakari hujiuliza 35 imetoka wapi. Akiangalia vizuri atagundua kwamba watoto hao hawakubahatisha. Waliona kwenye mamoja mbili haitoshi kutoa saba, wakageuza, wakatoa mbili kutoka saba wakapata tano, kisha wakatoa mbili kutoka tano upande wa makumi wakapata tatu. Walifuata kanuni, ila kanuni yenyewe ni mbovu.

Katika kikao cha jumuiya, mwalimu huyo huleta madaftari matano. Wenzake huyatazama. Mmoja anasema kosa hilo analiona hata darasa la tano. Mwingine anaeleza alivyotumia vijiti, vifungu vya kumi na kijiti kimojakimoja, ili mtoto afungue kifungu kimoja kwa mikono yake na kuona mamoja kumi yakiongezeka. Wanakubaliana somo lifundishwe upya kwa vijiti, na mwalimu mmoja akae nyuma ya darasa kuangalia watoto wanavyofanya. Wiki inayofuata wanarudi na madaftari mapya.

Hakuna posho iliyolipwa wala basi lililokodiwa. Lakini mwalimu aliyetoka hapo amejifunza kitu atakachokitumia kesho asubuhi, na ataulizwa kilikwendaje. Walimu wa Japani wamefanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo kwa zaidi ya karne moja, wakiandaa somo kwa pamoja, mmoja akifundisha, wengine wakitazama na kulichambua. Nchini Kenya, mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015 uliwapa maofisa wa elimu kazi ya kuingia darasani, kumtazama mwalimu akifundisha kusoma na kuzungumza naye palepale, na usomaji wa watoto wa madarasa ya mwanzo uliboreka.

Lugha ya nyumbani na lugha ya darasani

Kwa eneo la Mlima Meru, kuna jambo ambalo jumuiya za walimu zinaweza kulishughulikia vizuri kuliko kabrasha lolote kutoka makao makuu, nalo ni lugha.

Upande wa mashariki na kusini mwa mlima, Wameru huzungumza Kirwa, ambacho wengi hukiita Kimeru, lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga. Upande wa magharibi, Waarusha huzungumza Kimaa. Katikati ya jiji, watoto wengi hukua na Kiswahili. Mwalimu aliyehamishwa kutoka shule ya mjini kwenda shule ya Oldonyosambu au Ngarenanyuki anaweza kukuta darasa la kwanza ambalo baadhi ya watoto wanakisikia Kiswahili cha kufundishiwa kwa mara ya kwanza.

Kimaa hakina sauti "z" wala "v". Mtoto wa Kiarusha anayeandika "sawadi" badala ya "zawadi" haandiki hivyo kwa uzembe, anaandika alivyosikia. Mwalimu asiyejua hilo atamwadhibu au kumwona mzito. Mwalimu anayelijua atatenga siku mbili za kuzoesha masikio ya watoto kutofautisha sauti hizo mbili kabla ya kudai waziandike. Mwenzake aliyezaliwa kijijini hapo anaweza kumfundisha jambo hilo kwa robo saa, ikiwa tu ipo saa ya kukaa pamoja.

Mpito wa pili huja kidato cha kwanza, ambapo lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza katika shule za Serikali. Kwa utaratibu wa miaka mingi, wiki za mwanzo hutengwa kwa ajili ya kozi ya kumzoesha mwanafunzi lugha hiyo. Thamani ya wiki hizo inategemea nani anazifundisha. Zikiachwa mikononi mwa mwalimu wa Kiingereza peke yake, mwalimu wa Baiolojia ataanza somo lake kana kwamba kila mtoto amekwisha kuelewa. Walimu wa masomo yote wakipanga pamoja maneno muhimu ya kila somo, mtoto aliyetoka shule ya kijijini hupata ngazi ya kupandia.

Kwa watoto wenye ulemavu, eneo hili lina hazina yake. Chuo cha Ualimu Patandi, kilichopo Tengeru, huandaa walimu wa elimu maalumu kwa ajili ya nchi nzima. Shule za jirani zenye mtoto mmoja asiyeona vizuri au asiyesikia, ambaye mwalimu wake hakusomea fani hiyo, hazina mbali pa kuuliza.

Vikwazo vilivyopo

Pamoja na uzuri wa utaratibu huo, haukosi vikwazo, na si haki kuvificha.

Kwanza ni muda. Mwalimu mwenye vipindi vingi na madaftari mengi huona kikao cha jumuiya kama mzigo juu ya mzigo. Kikipangwa baada ya saa za kazi, mwalimu anayeishi mbali hutazama saa. Katika shule za milimani zisizo na nyumba za walimu za kutosha, baadhi yao hutegemea pikipiki au daladala za kutoka mjini, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za udongo wa mlima huteleza na safari hurefuka.

Pili ni mazoea ya posho. Kizazi cha semina kilijifunza kwamba mafunzo huenda na bahasha. Mafunzo yanayofanyika chini ya paa la shule yenyewe, bila bahasha, huonekana na wengine kuwa si mafunzo. Ikiwa Serikali inataka mwalimu ayathamini, haina budi kuyahesabu katika kupandishwa kwake daraja na katika kumbukumbu za utumishi wake.

Tatu ni mtandao. Moduli iliyo katika kishikwambi inahitaji chaji na kifurushi. Mwalimu anapolazimika kununua kifurushi kwa fedha yake ili ajifunze kazi ya mwajiri, hamu hupungua.

Nne, na pengine kubwa kuliko zote, ni hofu. Si rahisi kwa mtu mzima mwenye cheti kusimama mbele ya wenzake na kusema kwamba mada fulani hajui kuifundisha. Mkuu wa shule anayetumia kikao hicho kutafuta wa kulaumu atakiua kwa wiki mbili. Anayeanza kwa kueleza mada inayomsumbua yeye mwenyewe hukifungulia mlango.

Mzazi aulize nini?

Wazazi wa Arusha wamekuwa wepesi kuuliza kuhusu michango, chakula cha mchana na usalama wa magari ya shule, na wana sababu, hasa baada ya ajali ya Mei 6, 2017 wilayani Karatu iliyoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wa shule moja ya jijini hapa. Lakini katika mikutano ya wazazi na ya kamati ya shule, maswali kuhusu mwalimu mara nyingi huwa ya lawama tu: kwa nini watoto wamefeli, kwa nini mwalimu fulani hakuwapo.

Yapo maswali mengine yanayofaa kuulizwa Januari hii, kwa adabu na bila kumwingilia mwalimu katika kazi yake. Je, jumuiya ya ujifunzaji ya shule hii hukutana siku gani? Walimu wa madarasa yaliyoanza mtaala mpya wamepata mafunzo, na vitabu vya kiada na kiongozi cha mwalimu vimefika? Watoto waliomaliza darasa la pili bila kujua kusoma ni wangapi, na shule ina mpango gani kwao? Kamati inaweza kusaidia vipi walimu wanaosafiri mbali wapate kukaa saa moja zaidi mara moja kwa wiki?

Swali la mwisho lina majibu ya kijijini. Chakula cha mchana kinachopikwa shuleni kwa mchango wa mahindi na maharage kikimhusisha na mwalimu, humwezesha kubaki. Chumba cha kupanga kwa bei nafuu karibu na shule humpunguzia safari. Wananchi waliokwisha kufyatua matofali na kujenga madarasa kwa nguvu zao hawawezi kushindwa na hilo.

Kwa shule za binafsi, ambazo ni nyingi jijini na kando ya barabara ya Arusha hadi Moshi, mzazi anayelipa ada ana haki ileile ya kuuliza. Majengo ya kuvutia na basi la rangi nzuri havielezi kama mwalimu wa darasa la kwanza ameajiriwa mwaka huu bila mafunzo ya KKK, au kama walimu huhama kila mwaka na kuacha watoto wakianza upya.

Hadi Januari 2028

Muda uliobaki kabla ya makundi mawili kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja ni mfupi. Halmashauri za Jiji la Arusha, Arusha na Meru zitapimwa kwa madarasa zitakayokuwa zimejenga, kwa kuwa jengo huonekana na hupigwa picha siku ya uzinduzi. Kazi ya kumwandaa mwalimu haina utepe wa kukata. Huonekana katika daftari la mtoto, miezi kadhaa baadaye, pale 52 kutoa 27 inapokuwa 25, na mtoto akaweza kueleza kwa nini.

Kwa sababu hiyo, mzazi anayerejea kutoka sokoni na furushi la sare ana jambo moja zaidi la kufanya kabla kengele ya kwanza haijalia. Afike shuleni, amsalimu mwalimu wa mtoto wake kwa jina, amuulize anahitaji nini ili afundishe vizuri mwaka huu, kisha alipeleke jibu hilo katika kikao cha kwanza cha kamati ya shule.